Jumapili Niliyowaita Watu Shambani kwa Mlango wa Gari

Wale tuliokuwa pamoja Masanze enzi zile za vijiji vya ujamaa wakiniona wanaanza kucheka kabla sijamaliza salamu, na nimechoka kusikia mkasa wangu ukisimuliwa na watu ambao kila mwaka wanaongeza chumvi, kwa hiyo leo nausimulia mwenyewe, aibu yote ni yangu.

Nilikuwa dereva wa kijiji. Tulikuwa tumehamia pamoja, nyumba zimejengwa kwa mistari, tukawa na shamba moja la pamba, ghala moja na gari moja, pikapu kuukuu iliyoachwa na shamba la mkonge, bodi yake ya bati nene la zamani. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kuiendesha, na sitaficha, kichwa kilinivimba (nilivaa miwani ya jua hata siku za mvua). Mwenyekiti wetu, Mzee Kibwana, alikuwa amenisimamisha mkutanoni akasema, "Ndugu Rajabu ana mwaka mzima na gari letu, hajalikwaruza hata mara moja," watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Haikupita wiki, Jumamosi nikatumwa Mikumi kuchukua majembe mapya. Wakati wa kurudi nikakutana na lori la rafiki yangu karibu na daraja, nikampungia mkono, kisha nikaona mkono mmoja hautoshi nikampungia yote miwili, na katika kufumba na kufumbua mlango wa upande wa abiria ukagonga nguzo ya daraja. Niliposhuka nikakuta bonde ambalo ungeweza kupakulia wali wa watu sita.

Hapo mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Lakini Jumatatu asubuhi gari lilitakiwa Kilosa kumleta mgeni kutoka wilayani, na mpwa wake Mwenyekiti alikuwa anajifunza udereva kule Mabwerebwere, anasubiri tu nikosee. Nikaamua kuunyoosha mwenyewe. Niliwahi kukaa wiki mbili kwenye gereji moja Morogoro nikisubiri gari litengenezwe, nikamtazama fundi bodi akifanya kazi, na katika hesabu zangu kutazama huko kulikuwa sawa na kusoma.

Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko. Mzee Kibwana alikuwa kajilaza kwake, na Katibu, Bwana Yohana, mtu wa milimani aliyesoma shule ya misheni na ambaye hakuelewana na Mwenyekiti hata juu ya saa ngapi ni saa ngapi, alikuwa kanisani. Nikaung'oa mlango nikaupeleka nyuma ya ghala, nikautundika kwa waya kwenye boriti ili niufikie pande zote mbili, nikashika kipande cha chuma kizito upande wa nje, nikachukua nyundo kubwa, nikaanza kupiga bonde kwa ndani, pale katikati, polepole na kwa nguvu zangu zote.

Ulilia vizuri ajabu. Pigo moja, mlio unakwenda mpaka mtoni na kurudi, natulia, napiga jingine. Nilikuwa nimefika kama pigo la ishirini, nimelowa jasho, nikamwona Bi Mwajuma, jirani yangu, anapita na jembe begani huku amevaa gauni la sikukuu.

"Shikamoo, Bi Mwajuma. Jembe la nini leo?"

"Marahaba. Si tumeitwa? Hujasikia ringi?"

Mbele ya ofisi ya kijiji palitundikwa ringi la lori, na sote tulijua lugha yake: mapigo ya polepole maana yake kusanyikeni twende shambani, na mapigo ya harakaharaka maana yake kazi imekwisha, rudini nyumbani. Nilichungulia pembeni ya ghala nikaona kijiji kizima kimejipanga mbele ya ofisi, watu wana majembe, kwaya ina majoho, mzee mmoja ana povu la sabuni nusu ya uso.

Nikafunika mlango kwa magunia nikaenda kujichanganya nao, na niliazimia kusema, wallahi niliazimia. Lakini Mzee Kibwana akatangulia kusimama. Nikamwona anamtazama Katibu, Katibu naye anamtazama yeye, kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye aliyeita, na hakuna aliyekuwa tayari kuonekana hajui jambo la kijiji chake.

"Ndugu zangu," akasema Mzee Kibwana, "mmeitika vizuri."

"Vizuri sana," akadakia Bwana Yohana. "Kama tulivyokubaliana na Mwenyekiti, palizi ya pamba haiwezi kungoja Jumatatu."

"Kama tulivyokubaliana," akasema Mwenyekiti, na huo ndio ukawa mwisho wa mapumziko ya watu mia mbili.

Wakaenda. Mimi niliomba ruhusa nibaki niangalie gari, nikapewa (nikasifiwa tena kwa bidii). Nikarudi nyuma ya ghala, nikauangalia mlango, nikakuta nimeuharibu zaidi, maana bati ukilipiga sana mahali pamoja linatanuka, na likitanuka linakosa pa kwenda. Nikilibonyeza kwa kidole linaingia ndani kwa kishindo, nikiliachia linatoka nje kwa kishindo. Ndipo nikakumbuka yule fundi wa Morogoro. Hakuwa akianza katikati. Alianza pembeni, kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya harakaharaka, akizunguka taratibu kuelekea katikati. Nikaona sasa kijiji kitupu, nafasi ndiyo hii, nikatafuta nyundo ndogo nikaanza, ta-ta-ta-ta-ta, na kweli bati likaanza kutii, bonde likaanza kupungua, nikafurahi mpaka nikawa napiga miluzi.

Mnajua nilichosahau.

Huko shambani (haya niliyapata baadaye) watu waliposikia walitupa majembe begani hata bila kumaliza mstari. Lakini safari hii Mwenyekiti na Katibu walikuwa wanapalilia bega kwa bega, kila mmoja anamwona mwenzake kwa macho yake, kwa hiyo wote wawili wakajua hakuna aliyeagiza. Walifika ofisini wakakuta ringi limetulia. Wakafuata mlio. Kijiji kikawafuata wao.

Nilisikia mtu anakohoa. Nikageuka, nyundo ikiwa bado juu, nikaona mbele yangu watu wote waliotoka shambani, wenye vumbi na majoho.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu Mzee Kibwana, bila hata kupandisha sauti. "Unatuita tena, au unaturuhusu?"

Nikashusha mkono, kiwiko kikagusa bati, nalo likajibonyeza ndani, likatoa kishindo hata mstari wa mbele wote ukaruka nyuma. Bi Mwajuma ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na gauni lake.

Nilidhani nimekwisha. Lakini kunishtaki kungewabidi viongozi wangu waeleze "tulivyokubaliana" walikubaliana lini, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu kijiji kianzishwe walitazamana wakaafikiana. Katibu akatangaza kwamba dereva alijitolea kuwahamasisha wananchi kwa njia mpya, Mwenyekiti akaongeza kuwa ni mfano wa kuigwa, na Jumatatu mgeni wa wilayani, akiwa amekaa kando ya mlango unaolia kila gari likiingia shimoni, akasimuliwa habari hiyo akaifurahia mno, akaelekeza kazi ya Jumapili iendelee kila mwezi.

Ikaendelea. Kila mwezi watu mia mbili walipita mbele ya nyumba yangu na majembe yao, mmoja baada ya mwingine wananitazama bila kusema neno, na hakuna aliyeniuzia hata nyanya bila kunisubirisha kwanza.

Mpaka leo naendesha, gari jingine, la tajiri mmoja. Nikiligonga popote, hata kama ni mkwaruzo wa kucha, sigusi nyundo, nakwenda kwa mwenyewe injini ikiwa bado ya moto, nasimama mbele yake nasema, "Nimegonga, na nilikuwa napunga mkono."