Ree Nne na Mbuzi wa Maramba

Siku niliyopata ree zote nne, mdomo wangu mwenyewe uliniponza. Tulicheza poka kila Jumapili baada ya alasiri, barazani kwetu hapa Ngamiani, na mkono wa nadra kama ule ulizawadiwa mbuzi tuliyemchangia kutoka Maramba. Ualimu wa hesabu ni maradhi. Badala ya kumfungua mbuzi na kwenda zangu, nikaanza kuwasomesha: pakiti ina karata hamsini na mbili, mikono ya karata tano inayowezekana ni zaidi ya milioni mbili na nusu, na yenye ree nne ni arobaini na minane tu. Mara moja katika hamsini na nne elfu hivi!

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mchuuzi wa machungwa ya Muheza, akacheka.

"Mwasikia? Mwenyewe kakiri. Jambo la hivyo laja bila kusaidiwa?"

Wakamwamini. Jina la mwizi likanifuata hadi jikoni kwa mama mkwe. Barazani kwetu mwizi wa karata hafukuzwi. Hunyimwa kucheza, akakalishwa katikati ya mkeka, mikono ya shati kaikunja hadi viwikoni, awagawie wenzake. Nikagawa mwaka mzima. Nilimchukia yule bwana hata machungwa nikaacha kula.

Jumapili moja akalaza karata zake: kumi, ghulamu, bibi, mfalme na ree, zote kopa. Akainuka kumwendea mbuzi. Nikasema taratibu, kama niko darasani, kwamba mkono wa aina hiyo huja mara moja katika laki sita na nusu hivi.

"Wangu ulikuwa wizi," nikamwambia. "Huu, ulio adimu mara kumi na mbili kuliko wangu, ni nini?"

Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu. Hakuna aliyeweza kudai nimempendelea, maana mtaa mzima ulijua hatuamkiani. Macho yote yakamgeukia yeye.

"Shemeji, wewe ndiye uliyegawa," akasema, jasho lamtoka. "Wajua ni halali. Waambie, tafadhali. Nina watoto, watasikia."

Nilijua ni halali. Pakiti niliichanganya mwenyewe, jirani yake akaikata. Nilifurahi, furaha ya Idi. Nikashusha mikono ya shati, nikatoka katikati ya mkeka, nikamtia karata kiganjani.

"Kaa, shemeji," nikamwambia. "Gawa."