Mzizi wa Jina la Mtwara

Baba yangu, mwalimu aliyehamishiwa Mtwara kutoka Bukoba, aliupenda mji ule kwa ajili ya jina lake tu. Joto, mbu, maji ya chumvi kisimani, vyote alivisamehe. Kwa Kihaya chetu, kutwara ni kuchukua, kubeba. Jirani yetu pale mtaani Magomeni, Mtwara, mama wa Kimakonde, akamwambia kwao ni kutwala, na ndiko jina la mji lilikotoka. Baba nusura aruke. Mzizi mmoja, alimtangazia kila mgeni, uliotembea na mababu kabla Mhaya hajawa Mhaya! Hata kutwaa ya Kiswahili ni mtoto wake.

"Kwa hiyo tumeletwa kwenye mji unaochukua watu," mama alisema, akichambua mchele. "Hongera, Mwalimu."

Ilikuwa enzi ya ujamaa; mtumishi alikwenda alikotumwa. Mama aliyavumilia yote ila moja. Sisi huzikana kibanjani, kati ya migomba, nyuma ya nyumba. Anayezikwa ugenini, alisema, nani atampalilia?

Masika yale mdogo wangu, ndiyo kwanza anatambaa, akashikwa na homa. Haikumwachia.

Mama hakulia. Alimfunga maiti wake mgongoni kwa kanga, kama siku zote, akasimama mlangoni. "Twende nyumbani."

Baba akamweleza: Rufiji imefurika, barabara imekatika, meli haipo. Na hata tukifika Dar, bado treni, bado ziwa.

"Sikukuuliza njia. Wewe si ndiye mjuzi wa kubeba? Basi tubebe."

 Neno la baba lilikuwa limevuka nchi nzima, toka ziwani hadi baharini, na mtoto wake hakuweza kurudi. Namhurumia mpaka leo, na hasira nayo haijaniisha.

Jirani ndiye aliyeifungua ile kanga. "Pole, mwanangu. Nipe nimshike." Tulimzika upande wa Likombe, kwenye mchanga mtupu. Katekista akasema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Baba hakuinua uso, na habari za mizizi ya maneno hakuzitaja tena.

Miaka ikapita, uhamisho wa kurudi Bukoba ukaja. Lori likapakiwa, sisi watoto tukapanda. Mama akabaki kizingitini, jembe mkononi.

"Nendeni," alisema. "Mimi nina kaburi la kupalilia."

Baba akaanza kushusha mizigo. Wote wawili wamelala kule sasa, mchangani, na mimi ninaishi mbali.