Mchanga Mweusi wa Kibanja Changu

Sifa ni zako, Mungu uliyeiweka milima yetu na kuficha ndani yake ulichotaka kukificha. Umenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili, na mkono ambao bado unashika kalamu, ingawa unachoka upesi. Ninakushukuru kwa yote, hata kwa yale yaliyonichosha.

Namkumbuka Mfaransa mmoja, mkemia na mtaalamu wa mawe. Alifika kwetu upande wa Kamuli miaka michache baada ya vita vya mpakani, wakati sabuni ilikuwa haba na betri za redio tulizianika juani ili zidumu siku mbili zaidi. Shirika lililotaka kujua kama milima yetu ina madini ya bati lilimtuma apime. Mimi nilikuwa katekista, najua kusoma na kuandika, nikaajiriwa kuandika namba kwenye mifuko yake ya mchanga.

Alikuwa mzee tayari, vidole vimeungua kwa tindikali. Alianzia kwenye duka la dawa la baba yake, akasomea kemia, kisha akapenda mawe kuliko dawa, kwa sababu, alisema, jiwe halilalamiki. Alipima mawe ya kwao, akapima ya Madagaska, halafu akakaa Kongo miaka mingi. Huko ndiko alikookota Kiswahili chake, na huko ndiko alikomzika mke wake. Aliwahi kupata jiwe alilodhani halijulikani duniani. Aliandika juu yake miaka miwili, na alipokaribia kulitangaza, mtu mwingine akawa ameshalitangaza. "Nilikunywa supu, nikalala," alisema, na hakuongeza neno.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulichimba shimo, tukabeba udongo hadi kijitoni, tukauosha kwa kuzungusha karai mpaka ubaki mchanga mzito mweusi. Tuliukausha, tukautia mfukoni, nami nikaandika namba. Yeye alipasua betri zilizokufa, akatoa ganda la zinki, akaweka chembe za mchanga juu yake na kudondosha tindikali. Chembe ya bati ilivaa rangi ya fedha. Chembe nyingine zilibaki nyeusi vilevile.

Ikafika zamu ya kibanja changu. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, amelala baba yangu na watoto wangu wawili. Kahawa iliyozunguka aliipanda baba. Kila mtu alijua kwamba penye bati nyingi watu watahamishwa. Wenzangu walikwenda kula, nikabaki kuosha peke yangu. Mchanga mweusi ulijaa chini ya karai, mzito kuliko wote niliopata kuosha. Nikaumwaga kijitoni. Nikazoa mchanga mweusi wa kijito chenyewe, nikaujaza mfukoni, nikaandika namba kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Siku mbili baadaye Mfaransa aliniita mezani kwake.

"Mwalimu, kuja. Tazama." Alipitisha sumaku juu ya ule mchanga, ikainuka imejaa ndevu. "Hii iko chuma. Sasa tazama na kioo. Unaona chembe iko ya mviringo? Hii mchanga ilitembea mbali na maji. Mchanga ya kwako iko mulimani, haina miguu."

Nilitazama mwandiko wangu kwenye mfuko.

"Si weye unafundisha watoto amri za Mungu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile ya uongo iko ya ngapi?"

"Ya nane."

"Ya nane," alirudia kwa sauti ya kuchoka. "Mimi nilifikiri ya tisa. Twende kwako."

Mke wangu alimpokea kwa heshima, "Shikamoo, mzee," akamletea kahawa za kutafuna katika kijikapu, kama tunavyomkaribisha mgeni. Kisha akaniuliza pembeni, kwa Kinyambo, "Meno ya kuzitafuna anayo?" Mfaransa hakujua Kinyambo, lakini alijua macho ya watu. "Iko mine, mama," alisema, akiinua vidole vinne. "Inatosha."

Nikachimba tena, nikaosha tena, yeye akiwa amesimama karibu. Akaweka chembe juu ya zinki palepale uani, akadondosha tindikali. Zikang'aa karibu zote.

Mke wangu aliinama akazitazama. "Kumbe hiki ndicho kinataka kunitoa kwa wanangu?" Akageuka kuelekea kule migombani. "Mzee, andika hakuna. Nani atajua?"

Mfaransa alitema maganda ya kahawa kiganjani.

"Nilipokuwa kijana, kwetu, mukubwa wangu alitaka madini katika mulima moja. Nikaandika iko, kwa kumufurahisha. Watu wakahamishwa, kanisa ikabomolewa. Chini hakukuwa kitu. Toka ile siku ninaandika ile jiwe inasema, basi. Jirani yako ya kule juu, nimeandika kwake hakuna. Wataniamini namna gani juu yake, kama juu yako ninadanganya?"

Mke wangu alikwenda kusimama penye makaburi.

"Lakini nitaandika makaburi pia," akasema. "Na kahawa, muti kwa muti."

Akatoa daftari, akapita mstari kwa mstari, mgongo umepinda. Mke wangu alimfuata nyuma, analia na kumsahihisha. "Huo umeuruka, mzee. Rudi." Naye alirudi. Mimi nilipewa mfuko mpya niandike namba ileile, na safari hii sikuupamba mwandiko. Hakunifukuza kazi. Hakulitaja tena jambo lile.

Baadaye watu wa shirika walipigilia vigingi, kimoja hatua chache kutoka kwenye kaburi la baba. Tukaambiwa tusipande mmea wa kudumu. Tukangoja. Mfaransa aliondoka anakohoa, na miaka michache baadaye padri alituambia amefariki kwao, nyumbani kwa dada yake. Tuliendelea kungoja. Kahawa za baba zilizeeka, moja baada ya nyingine ikakauka, na hatukuruhusiwa kuweka nyingine. Mke wangu alisema, "Ningejua wananifukuza leo, ningelia mara moja nikamaliza." Nilikuwa nimeshaungama habari ya ule mfuko, nikasamehewa. Lakini wapo watu waliokuwa na haki ya kungoja kwa uchungu, na mimi sikujihesabu kati yao.

Tulisikia kwamba bati imekosa bei. Hakuna aliyekuja kutuambia rasmi. Hawakuonekana tu tena.

Masika moja mke wangu alirudi na kikapu cha miche ya kahawa kichwani.

"Na vigingi?" nilimuuliza.

"Vimeliwa na mchwa. Unangoja na mchwa wakupe ruhusa?"

Tukachimba. Kila shimo la mche lilitoa, chini kidogo, mchanga mweusi mzito. Nilijua ni nini, na najua imeandikwa mahali fulani, kwa ukweli, kwamba upo. Wanaweza kuja hata kesho. Niliufukia, nikakanyaga udongo kuzunguka mche, nikamwombea yule mzee wa meno manne pumziko ambalo hapa duniani sikumwona akilipata. Nikaenda shimo linalofuata.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie mahali walipolala watu wako, akujalie ulimi usioogopa kweli, na siku ukichoka kungoja, akuletee wa kukutwisha miche.