Nimelikagua roboti la Maganga lenye magari manne, nawapa majibu

Mwangaluka wakuu. Wa kwetu mtaitikia, wengine ulizeni majirani.

Humu ndani huwa nasoma tu, sichangii. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni tangu likizo iishe. Nitakachosema nimekiona kwa macho yangu, na majina nayataja. Anayeona nimemchafua aje hapa hapa abishe.

Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nukta na mkato msinidai.

Uzi unahusu kitu cha kuchezea watoto. Msicheke kwanza.

Ni roboti. Kwanza ni lori jekundu, refu kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Ukivuta kifua linafunguka, kichwa kinachomoka, lori linageuka kiwiliwili cha mtu. Sasa kuna magari madogo manne yanakuja nalo. La zimamoto linageuka mkono wa kulia. La polisi, mkono wa kushoto. Katapila, mguu wa kulia. Ambulensi, mguu wa kushoto. Ukiyachomeka yote unapata lijitu moja la kutisha, linasimama lenyewe bila kushikwa.

Mwenye roboti ni binti yangu Modesta, ana miaka minane.

Aliyemnunulia ni Maganga.

Hapo kwa aliyenunua ndipo shida yangu ilipo.

Maganga ndiye aliyeniangusha mtini. Tulikuwa tunarina asali pamoja huku Sikonge, mimi na yeye. Kazi ile ni ya wawili. Mmoja anapanda, kamba kiunoni, imepitishwa juu ya tawi. Mwenzake anabaki chini ameshika ule upande mwingine. Wa chini haachii. Nyuki wakimvamia anavumilia, anamshusha wa juu kwanza, ndipo akimbie. Haijaandikwa popote hiyo, ila hakuna mrina asali asiyeijua.

Siku ile nyuki walichachamaa kuliko kawaida. Nikiwa juu nikasikia kamba imelegea. Kutazama chini, nauona mgongo wa Maganga unaishilia vichakani.

Nilishuka mimi na tawi langu.

Wachunga ng'ombe ndio walionikuta, kesho yake asubuhi. Uso ulikuwa umevimba mpaka walibishana kama ni mtu wanayemjua. Nikapelekwa mjini, nikalazwa hospitali ya Kitete. Mguu wa kulia uliunga, ila uliunga kwa kupinda. Kupona nimepona. Natembea kama napanda ngazi ambayo ninyi hamuioni.

Sasa sikilizeni. Wakati nipo kitandani, mke wangu Suzana alikuwa analetwa na pikipiki kuja kuniona, na chakula mkononi. Pikipiki ya nani? Ya Maganga. Alisema roho inamsuta, anataka kusaidia familia.

Alisaidia kweli. Alisaidia mpaka akamhamishia kwake.

Wakati huo Modesta alikuwa hata sentensi hajui kuimaliza. Leo wanaishi Kwihara, nyumba ya bati la rangi, na Maganga ameweka meza barabarani anawauzia asali wageni wanaokuja kutazama lile tembe la zamani, la makumbusho. Kwenye kila chupa kuna stika yenye sura yake, anacheka. Asali inatoka kwenye miti niliyomwonyesha mimi.

Mimi sipandi tena. Nachonga mizinga ya mbao, wenye miguu mizima wanaenda kuitundika.

Basi. Likizo hii Modesta kaja kwangu kama kawaida. Kashuka kwenye basi, begi mgongoni, lile roboti kalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo baba wa Sikonge."

Marahaba nimeitika, wakuu, lakini imetoka kama mwiba.

Baba wa Sikonge! Kama benki, yenye matawi. Maana yake kule Kwihara kuna mwingine anaitwa baba tu, hana anwani, haelekezwi alipo. Usiku wote nililala na hilo. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu kwa likizo nzima, hiyo "wa Sikonge" imtoke mdomoni. Simwambii. Mtoto haombwi vitu kama hivyo. Nilitaka itoke yenyewe.

Na nikaona adui wa kuanza naye ni roboti.

Asubuhi alipoenda kwa jirani kucheza, nikalichukua nikaenda nalo karakana. Nia yangu ilikuwa moja, nilikute na kasoro. Nilikuwa nimeshapanga maneno: unaona mwanangu, hizi takataka za mjini, hazikai.

Nikalinusa. Halina ile harufu ya plastiki mbovu inayoumiza kichwa.

Nikaling'ata kwenye bega. Jino langu ndilo lililolalamika.

Nikaviringisha gari la polisi kwenye mchanga wa uani, mchanga wetu huu unaomeza hata baiskeli. Lilikwenda. Viungo nikavikunja, kila kiungo kinatoa mlio tik tik tik na kinabaki pale ulipokiacha, hakirudi chenyewe. Skrubu zimezamishwa ndani, mtoto hafikii. Nikalidondosha kutoka juu ya meza, kwa bahati mbaya ya makusudi. Likaanguka, likalala, halikuvunjika chochote.

Iliniuma. Mtu aliyeshindwa kushika kamba anajua kuchagua kitu imara dukani.

Ikabaki kuliunganisha. Nikachomeka zimamoto, nikachomeka polisi, nikachomeka katapila. Nikatafuta ambulensi mpaka chini ya meza, haipo. Nikalisimamisha hivyo hivyo likaenda chali.

Nimelipakata mapajani nalitazama, kumbe Modesta kasimama mlangoni.

"Baba wa Sikonge, unalichezea?"

"Nalikagua."

"Limekosa nini?"

"Mguu."

"Enhee," akasema, kama mwalimu aliyepata jibu. "Baba alikuwa anageuza pikipiki akaukanyaga. Ambulensi ikawa unga. Akasema tutanunua nyingine, tukaenda madukani, haziuzwi moja moja."

Wakuu, someni tena hapo. Maganga. Kamwacha mtu na mguu mmoja. Tena!

Wa roboti ni wa kushoto, wangu ni wa kulia. Ungekuwa upande mmoja ningesema nimerogwa.

Nilifurahi, siwafichi. Nilifurahi kwa tumbo lote. Nikaliona lile lijitu lake la gharama limeegemea ukuta kama mlevi. Nikasema moyoni, kaa hivyo hivyo.

Modesta akasema, "Ndiyo maana nimekuletea. Utengeneze."

"Kwa nini baba yako asitengeneze?"

"Hajui. Alifunga na mpira, likaanguka kwenye mboga."

"Kwenye mboga?"

"Kwenye bakuli la mlenda. Mama akacheka mpaka akatoka nje."

Hapo na mimi nikacheka, halafu nikajikatisha. Sikutaka kucheka kitu kimoja na Suzana.

Nikachukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye mfuniko wa mzinga. Nikasema nitakuchongea mguu, dakika mbili tu. Binti akagoma.

"Mguu mtupu haukubaliki. Lazima kwanza liwe gari, ndipo ligeuke mguu. Wenzake wote ni magari."

"Sasa mimi nitachonga ambulensi?"

"Gari lolote unalolijua."

Nikafikiri. Mimi gari gani nalijua? Sijawahi kumiliki hata pikipiki. Ninachokijua ni mkokoteni, ndio ninaopelekea mizinga kwa wateja.

"Mkokoteni," nikasema.

Akanitazama kama ananipima, halafu akasema, "Mkokoteni sawa. Lakini ukunjike."

Kazi ilinitoa jasho, nisiwadanganye. Nilipima kwa katapila, nikachonga kidole cha mti cha kuingia kwenye tundu la paja. Mguu wa kwanza ulikuwa mfupi, likainama kama linaokota kitu. Wa pili magurudumu yalitokeza, likawa linajikwaa lenyewe. Wa tatu ndio nikaelewa. Sanduku la mkokoteni linasimama wima linakuwa muundi, magurudumu yanakaa pembeni ya goti, mikono ya kusukumia inakunjwa chini inakuwa unyayo. Magurudumu nimekata kwenye ndala kuukuu. Na unyayo nao nimeubandika ndala, usiteleze.

Sasa kuna mahali nilisimama, na nitawaambia kwa sababu niliahidi ukweli.

Pale kinaposhikana na sanduku kile kidole cha mti kinachoingia kwenye paja, nilitakiwa nitie gundi na kijiti cha kukaza. Kisu kipo mkononi. Nikawaza, nikiacha kijiti, mguu utashika wiki mbili, tatu. Utakatikia Kwihara, mezani kwa Maganga, mbele ya wageni na chupa zake zinazocheka. Nani atajua?

Nikamtazama Modesta. Kashikilia sanduku na kidole chake kwa mikono miwili, ulimi kautoa pembeni, anasubiri.

Nikatia kijiti.

Nikamwambia, "Shika hapo. Usiachie mpaka gundi ikauke. Hata nyuki akikuuma, usiachie."

"Nyuki yuko wapi?"

"Hayupo. Nasema tu."

Hakuachia. Nzi alimtua puani, akampuliza kwa mdomo. Jirani alimwita kwenda kula muhogo, akajibu bila kugeuka. Nilipoona kachoka nikamwambia basi sasa, akasema bado, haijakauka. Yeye ndiye aliyeamua imekauka.

Tukalisimamisha juu ya mfuniko wa mzinga.

Likasimama.

Siku ya kuondoka alikuja Maganga mwenyewe kumchukua. Siku zote huwa anamtuma kondakta wa basi. Tangu nitoke hospitali hajawahi kukanyaga kwangu. Kanenepa. Kavaa miwani ya jua, na hapakuwa na jua.

"Fundi! Bado upo?"

"Nipo. Pole kwa usumbufu."

Akacheka, ndivyo alivyo, anacheka kila kitu. Hakushuka kwenye pikipiki mpaka alipoliona roboti juu ya mfuniko. Akaja, akainama.

"Limesimama! Huu mguu mbona mti?"

"Ni mkokoteni," Modesta akasema.

"Mkokoteni? Roboti na mkokoteni wapi na wapi? Yaani polisi, zimamoto, halafu mkokoteni! Kaka, Wachina wakiona hii watakuja kukuajiri."

"Waje," nikasema. "Njia si wanaijua?"

Akanyoosha kidole akalisukuma kifuani. Halikwenda. Akalisukuma tena, safari hii kwa nguvu kidogo, nilimwona. Liliyumba, ile ndala ikakamata mbao, likarudi wima.

"Dah. Imara," akasema. "Umeliwezaje?"

Hakuniuliza mimi, alimuuliza mtoto. Na mtoto akamjibu huku anafunga begi, wala hajamtazama.

"Baba alichonga, mimi nikashika. Baba alisema nisiachie hata nyuki akiniuma. Sikuachia."

Wakuu.

Baba. Hivyo tu, bila anwani.

Na Maganga miwani ile haikumsaidia kitu. Cheko lilibaki mdomoni peke yake, nyuma ya miwani hakuna mtu. Alitoka nje akapanda pikipiki akaipiga teke, akaipiga tena, akaipiga tena, haiwaki. Modesta ndiye aliyemwambia, "Ufunguo hujawasha."

Walipoondoka hakusema kwaheri fundi. Aliinua mkono tu, mkono ule ule ulioachia kamba, nikaitazama pikipiki mpaka ilipoishia kwenye lami.

Sasa tathmini yangu kwa wazazi mnaotaka kununua. Roboti ni zuri. Viungo vinakaza, magari yanaviringika kwenye mchanga, halitoi harufu. Nalipa alama saba kati ya kumi. Mbili nimekata kwa sababu ukipoteza kipande kimoja hupati cha kununua peke yake. Moja nimeikata kwa sababu ya mtu aliyelinunua, na hiyo sirudishi.

Funzo nililopata ni dogo. Nilikaa asubuhi nzima kulitafutia kasoro lile roboti, na kasoro aliyoniletea mtoto ilikuwa mikononi mwangu muda wote. Mwenzangu uliye kwenye hali kama yangu, mtoto akija na kitu cha nyumba ile, kabla hujanuna muulize kimepungua nini.

Wivu haujaisha, msinipongeze. Suzana yupo kule, bati la rangi lipo kule, na hata roboti limerudi kule. Modesta kanipigia jana, anasema limewekwa kwenye meza ya asali, wageni wanalipiga picha. Likizo ijayo ni mbali.

Ila limesimama kwenye meza ya Maganga kwa mguu wangu. Kila asubuhi akipanga chupa zake lazima alione.

Karibuni mchangie, matusi pia napokea, ngozi yangu nyuki waliishaikomaza. Ombi langu ni moja tu.

Anayejua duka wanapouza zile ambulensi moja moja, namwomba sana asiliandike hapa.