Kakule, kebo yako haijakatika

Bandugu, tangu Jumatano ninapita chini ya dirisha la Kakule nikisubiri anitanie, na hakuna kitu. Kichwa changu kinakataa kabisa.

Kwa wasiomjua: Kakule alikuwa mtu wa Butembo, muuzaji wa mabomba ya maji kwa jumla hapa Ruashi. Alikaa nyumba ya mbele. Mimi ni mtu wa Kilwa ya ziwani, si ile ya pwani, mbeba magunia mgodini, ninapanga chumba cha nyuma kwenye parseli hiyohiyo, ua mmoja. Aliumwa kidogo, tukadhani ni malaria kama zetu sisi wote. Alikwenda hospitali, hakurudi.

Tulianza kujuana chini ya dirisha la jikoni kwake. Mkewe, Mama Masika, alikuwa amenipa neno la siri la wifi, lakini wifi yenyewe ilikuwa inaishia kwenye tangi la maji. Chumbani kwangu hakuna kitu. Kwa hiyo nikitoka kazini nilikuwa nasimama pale, mikono juu na simu, nione sura za watoto wangu walioko Kilwa.

"Papa Justine! Uko unachunga dirisha ya bibi yangu?"

"Hapana, patron. Niko natafuta connexion."

"Na mikono juu hivi? Bantu batasema polisi iko inakukamata! Kuya mukati, ukae."

Sikuingia. Nguo zangu zilijaa vumbi la mgodi na viti vyake ni vyeupe. Nadhani aliliona hilo, maana hakunilazimisha.

Kisha ikafika mahari ya binti yangu Justine. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Kilwa, malori yamelala kwenye matope, na kazini hawakunipa ruhusa. Kwetu, vitu vya mahari havipokelewi mpaka baba aseme kwa mdomo wake. Mdogo wangu angeweza kusema badala yangu, lakini Justine alikataa. "Baba, nataka nikuone ukisema. Kama sikuoni, warudi navyo."

Nilimwambia Kakule nikicheka, ili nisilie.

Yeye hakucheka. "Mahari ya mutoto, na wewe uko umesimama inje kama sentinelle wa kuchunga mulango? Jamais, hata kidogo!"

Jumapili, baada ya misa, alitoka dukani na ruta ya pili, kile kisanduku cha kugawa wifi. Kebo aliipitisha ndani ya bomba lake la kuuza, akalizika kando ya ukuta kutoka sebuleni kwake mpaka chumbani kwangu. Alichimba mwenyewe, bado amevaa suruali ya kanisani. Mimi mwenye kazi ya nguvu alinikataza. "Wewe pumuzika, mugongo yako nayisikia mpaka kwangu."

Akachomeka, taa zikawaka, tukapiga makofi. Hatujamaliza kupiga, Mama Masika akatoka na rimoti mkononi: "Nani ameua televizyo yangu? Kakule, ni wewe tu!"

Wifi ilikuwa imekufa parseli nzima, mbele na nyuma.

Alikaa chini kwenye udongo na kompyuta ya duka magotini, akasoma, akatukana, akasoma tena. Ghafla akapiga paja.

"Papa Justine, kwenye mahari yenu, upande wa bibi-arusi banasimama basemaji bangapi?"

"Mmoja."

"Na bakisimama babili?"

"Inakuwa vita. Wakwe wanarudi na mbuzi wao."

"Ndiyo hii! Zote mbili ziko zinasema!"

Ndivyo nilivyoelewa, mimi niliyeacha shule mapema. Kila ruta ilikuwa inagawia simu namba, na zote mbili zilikuwa zinajiita namba ileile. Akaitenga ile mpya, akaiunganisha na kompyuta peke yake, akaipa namba nyingine, akaizima kazi ya kugawa. Kebo akaitoa kwenye lile tundu la pembeni lenye rangi yake, la kupokea mtandao, akaiweka kwenye tundu la kawaida kama mengine. Ruta ya mbele ikabaki msemaji, ya nyuma ikawa ya kufikisha maneno tu.

Halafu akazipa zote mbili jina moja na neno la siri moja. "Ili utembee kutoka kwangu mpaka kwako, na simu isikukatikie."

Siku ya mahari nilikaa kitandani kwangu na shati alilonikopesha, pana kama hema. Yeye alisimama mlangoni. Justine akatokea, sura yote, wazi. "Baba, tupokee?"

"Pokeeni, mwanangu."

Nyuma yangu nikasikia mtu anapuliza pua. Nilipogeuka akasema eti vumbi la chumba changu.

Jana, bandugu, tulimkalia matanga hapa uani. Mama yake, mzee sana, yuko Butembo, safari ile haiwezi. Mama Masika alilia, akanipa simu, sura ya mama ikiwa kwenye video: "Wewe ndiye unajua hii njia. Mutembeze mama."

Nikaingia nyumba ya mbele. Nilikuwa na nguo za kazi, nikakaa kwenye kiti cheupe karibu na sanduku, nikamwonyesha mama mtoto wake. Alimtazama sana. Kisha akasema: "Munionyeshe kwenye alikuwa anaishi. Pote."

Nikatoka naye. Nikapita jikoni, dirishani, kando ya lile bomba ulilozika. Nilipokaribia tangi la maji nilibana pumzi. Sura ya mama yako haikukwama, Kakule. Ilitetemeka kidogo, ikaendelea, mpaka mlangoni kwangu.

"Hii ni yeye alifanya?" akauliza, akiangalia taa ndogo za kijani.

"Ni yeye, mama."

"Sasa namuona," akasema.

Kwa hiyo pumzika, patron. Ulichimba vya kutosha. Mama amekufikia bila kukatika. Lala vizuri, mimi nachunga dirisha.