Foku Isiyo na Mimba

Kwa miaka tisa nilitengeneza baiskeli za ng'ambo katika chumba cha nyuma cha duka moja katikati ya Nairobi. Najua inavyosikika. Baiskeli zilikuja kwenye maboksi, vipande vipande, na kazi yangu ilikuwa kuziunganisha: kufunga usukani, kukaza spoki, kupachika pedeli. Shida ilikuwa foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Zilikuwa nyepesi mno. Huko zilikotengenezwa nadhani mtu hupanda baiskeli akiwa amebeba roho yake tu. Hapa kwetu mtu hupanda na kreti za mkate mbele, mtungi wa maji nyuma, halafu anateremka barabara yenye mashimo. Foku zikapinda, na wateja wakaanza kurudi wakipiga kelele.

Ndipo mwenye duka akaniambia nizikate, niweke za kwangu. Kuchomelea nilifundishwa na baba yangu, kule kwetu magharibi, kabla sijafundishwa kupika. Nikachukua paipu nzito, nikakata, nikapinda, nikachomelea. Katika foku zangu zote hakuna hata moja iliyorudi.

Mwenye duka alikuwa na sharti moja: mteja asiuone mshono. "Mtu wa Nairobi akiona mshono wa welding anaona jua kali, kazi ya mafundi wa kando ya barabara," alisema, "na akiona jua kali anatoka." Kwa hivyo kila mshono niliusaga mpaka ukawa laini, nikaufunika kwa bodi fila, ule uji wa kuzibia mabati ya magari unaokauka, nikapuliza rangi. Kisha yeye mwenyewe alikuja na stika yake iliyoandikwa orijino, akaibandika juu ya kazi yangu na kuikandamiza kwa kidole gumba. Orijino, hapa mjini, maana yake ni kitu kilichopanda meli. Hata magari ni hivyo hivyo: lililochakaa kwenye barabara za Japani watu wanalisifu, lililochakaa kwenye barabara zetu wanalikunjia uso.

Fundi yeyote atakwambia kwamba mshono ukisagwa unapoteza nguvu. Yale manundu yanayochukiza macho ndiyo yanayoshika. Mimi, kwa sababu hiyo, kabla ya kuchomelea nilisukuma kipande cha chuma kigumu ndani ya paipu, pale pa kuungania, kibebe uzito ambao mshono usingeweza kuubeba. Nilikiita mimba, kwa kuwa kiko ndani na kwa nje huwezi kukiona. Sikumficha mtu. Ni kwamba katika miaka tisa hakuna aliyeingia chumba cha nyuma kuuliza ninafanyaje.

Siku moja alikuja mwalimu wa madrasa, mzee mstaarabu wa Pwani aliyefundisha mtaa wa pili. Aliinama kukagua baiskeli, akapapasa foku, akakuta mahali rangi imebanduka.

"Samahani bwana," akamwambia mwenye duka kwa upole, "hii mbona kama imechomelewa hapa hapa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, miwani ya kuchomelea mkononi. Nikajiambia: leo atanitaja. Mwenye duka akanigeukia.

"Ni huyu mama. Mimi nilimhurumia nikampea kazi ya kufagia, kumbe anachokora baiskeli za watu. Mama, toka. Na usirudi hapa."

Kufagia! Nilitoka na miwani yangu. Nililia mpaka Kawangware, halafu hasira ikanikausha machozi, na tangu siku hiyo sijamlilia tena.

Nilifungua kibanda changu kando ya barabara hapa Kabiria. Kazi haikukosekana. Lakini sitasema uongo kwamba nilisahau. Nikienda mjini kununua vyuma nilikuwa napita makusudi mbele ya lile duka, kutazama dirishani. Mwenye duka alikuwa ameajiri mtu mwingine wa kuchomelea, na foku zilikuwa pale zimepangwa, laini, zinang'aa, kila moja na stika yake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na zangu. Asubuhi moja, mwenye duka akiwa hayupo, niliingia, nikagonga moja kwa ufunguo wa nyumba yangu. Ilitoa mlio mwembamba, mlio wa kitu kitupu. Huyu fundi mpya alikuwa ameiga kila kitu alichokiona, na mimba hakuiona.

Nilitoka nikitabasamu peke yangu barabarani. Nilijua zitavunjika. Nilijua hata pale zitakapovunjikia. Nasema wazi kwa sababu hakuna anayenilazimisha: nilifurahi, nikasubiri. Kila aliyekuja kibandani na baiskeli mbovu nilimuuliza amenunua wapi, na akitaja duka lingine nilivunjika moyo.

Baada ya miezi kadhaa akaja mwanamume kutoka Mutuini, muuza mayai. Yeye hukusanya mayai kwa wafugaji wa huko na kuyapeleka kwenye nyumba za Spring Valley, ambako watu wana baiskeli nyepesi za Jumapili, nzuri kweli kweli, siwezi kuzisema vibaya. Ya kwake ilikuwa ya kazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni, na kidevu kilikuwa na nyuzi za hospitali. Alisema alikuwa akiteremka, mbele ikakatika ghafla, akaanguka na trei zote. Alikuwa amebeba ile foku kwenye gunia.

Sikumuuliza kama anaumwa. Nilimwambia, "Hebu nione hiyo foku."

Ilikuwa imekatikia pale pale kwenye mshono. Ndani, patupu.

"Umenunua wapi?" Akalitaja lile duka, akasema ana mwezi mmoja tu tangu ainunue. Moyo wangu uliruka kwa furaha, na yeye amesimama mbele yangu na kidevu kile. "Twende mjini," nikamwambia. "Twende sasa hivi."

Tulikuta duka lina wateja kama sita, na nilishukuru kwamba ni wengi. Nikaweka ile foku iliyovunjika juu ya kaunta. Mwenye duka akaanza kusema kwamba mteja alizidisha mzigo. Nilichukua foku mpya kabisa kutoka rafu yake, nikainua juu wote waione.

"Hii pia haina kitu ndani," nikasema. "Na haikutoka ng'ambo. Imechomelewa chumba cha nyuma, hapo."

Nikatoa msumeno wa chuma niliokuja nao, nikakata palepale kwenye kaunta, taratibu, bila haraka yoyote. Fila ikamwagika kama unga. Vipande vikaachana, nikampa mteja wa kwanza achungulie, akampa wa pili. Mmoja alirudisha baiskeli aliyokuwa ameishika, akaiegemeza ukutani, akatoka.

"Fundi," mwenye duka akasema. Kwa miaka tisa hakuwahi kuniita hivyo. "Fundi, tafadhali, kuja tuongelee nyuma."

"Nyuma nimekaa sana," nikamwambia. "Ongea hapa. Waambie zile zisizovunjika alitengeneza nani."

Alitazama chini. "Ni yeye," akasema. "Ni huyu mama alikuwa anatengeneza. Zote."

Nilitaka maneno hayo tangu siku niliyotolewa, na raha niliyoipata siwezi kuificha hata leo. Nilichukua ile foku iliyovunjika, nikatoka nje kifua mbele. Muuza mayai alinifuata. Tulipofika pembeni akasimama.

"Mathe, ile ingine ilikuwa mpya. Ulijua aje iko tupu kabla ukate?"

"Ukigonga inalia," nikasema.

"Lakini hukugonga. Ulichukua tu."

Ningeweza kusema chochote. Watu walikuwa wakipita katikati yetu, na yeye akangoja wapite.

"Nilikuwa nimegonga kitambo."

"Kabla nianguke?"

"Kabla uinunue," nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alinyoosha ule mkono mzima, akachukua foku yake iliyovunjika kutoka kwangu, akaanza kuirudisha kwenye gunia. Gunia lilikataa kufunguka kwa mkono mmoja. Nikataka kumsaidia, akajigeuza. Nikamwambia nitamtengenezea nyingine mimi mwenyewe, leo leo, iliyo imara. Akasema atatafuta fundi mwingine.

"Hakuna fundi mwingine anayejua kuweka kile chuma cha ndani," nikasema.

"Si ungesema," akanijibu, akavuka barabara.