Aliosha maiti za Mohoro, akashindwa kumwosha mama yake

Saa tatu asubuhi, Nasra Mudrick amelala chali juu ya mkeka, macho ameyafumba, mikono ameinyoosha ubavuni. Hajafa. Wanawake watano waliomzunguka wanalijua hilo, lakini hakuna anayecheka.

"Mshikeni kama mtu anayesikia maumivu," anasema Mwanamina Shaban, akipitisha mkono chini ya shingo ya Nasra. "Huyu hawezi kukwambia unamuumiza. Basi wewe mwenyewe ujue."

Hapa ni uani kwa Mwanamina, Mohoro, wilayani Rufiji. Ana miaka 54, analima mpunga na kusuka mikeka ya ukindu. Lakini kinachomfanya ajulikane ni kazi nyingine: kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanamke akifariki hapa, yeye ndiye huitwa kumwosha kabla ya kuvishwa sanda. Kazi hiyo haina malipo. Akipewa mche wa sabuni au kanga, hushukuru. Kinachomlisha ni mikeka.

Kazi hiyo ya kuosha aliirithi kutoka kwa mama yake, Bi Rukaiya, ambaye uzee ulipomfikia alibaki nyumbani akimuuliza kila arudipo: "Umemfanyia vizuri?"

Kisha ikaja Machi 2020.

"Tulisikia redioni kuna ugonjwa Uchina," anakumbuka. "Tukasema Uchina ni mbali. Mara shule zikafungwa, watoto wakarudi na madaftari yao. Hapo nikajua umeshatufikia."

Mbele ya maduka yakawekwa maji na sabuni. Watu waliozoea kushikana mikono mpaka waulizane habari za nyumba nzima wakawa wanapungiana kwa mbali. Jioni mitaa ilinuka mwarobaini na mchaichai. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyejifunika blanketi juu ya sufuria, akipiga nyungu.

Mwanzoni mwa Mei, Zuhra, mjane aliyekuwa akiuza vitenge, alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa na homa. Baada ya siku chache hakuweza kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi. Alifia nyumbani kwake. Hakupimwa, na mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika kilichomuua.

Mwanamina alimpitia Habiba, mwenzake wa miaka mingi katika kazi hiyo. Habiba alibaki ndani ya mlango wake.

"Mwanamina, mimi nina wajukuu humu."

"Na mimi nina mama."

"Basi usiende."

"Nisipokwenda, nani atakwenda?"

Habiba alifunga mlango taratibu. "Hakunitupia neno baya," anasema Mwanamina. "Aliogopa. Hata mimi niliogopa, ila nilikuwa nimeshaingia njiani."

Alivaa glavu alizopewa na mhudumu wa zahanati, akajifunga kanga puani. Nasra, binti wa marehemu, alisimama nje akimsukumia ndoo za maji kwa mguu. Hakuvuka kizingiti. Mwanamina alimgeuza Zuhra peke yake, jasho likimwingia machoni.

Baada ya maziko alihamia kwenye banda la jiko ili asimkaribie mama yake. Alikuwa akimwekea chakula mlangoni, kisha anarudi nyuma. Bi Rukaiya, aliyekuwa ameshapita miaka themanini, hakuelewa.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" aliuliza siku moja. "Mbona unanitupia chakula kama kuku?"

Huko nje nako walimtenga. Kisimani wanawake walingoja amalize kuchota, kisha wakaiosha kamba kabla ya kuigusa. Mteja wa Ikwiriri aliyekuwa ameagiza mikeka akapiga simu kuikataa. "Aliniambia, 'Dada, nani atalala juu ya mkeka ulioshikwa na mikono hiyo?'" Mkeka wa shilingi elfu ishirini aliuuza elfu nane kwa mpita njia asiyemjua. Mwezi ule yeye na mama yake walikula uji wa chenga za mchele, asubuhi na jioni.

Homa ikampata. Kikafuata kikohozi, chakula kikapoteza ladha, miguu ikakataa kusimama. Akiwa bandani, alimsikia mama yake naye akikohoa ndani ya nyumba.

"Kile kikohozi nilikijua," anasema.

Bi Rukaiya alifariki asubuhi ya Ijumaa. Majirani walikusanyika ng'ambo ya barabara. Imamu, Sheikh Twalha, alituma watu kutafuta wanawake wa kuosha. Wakarudi mikono mitupu. Ndipo akaja nje ya banda, akamweleza Mwanamina kwa upole kwamba josho likishindikana dini imetoa ruhusa: marehemu apakwe vumbi safi usoni na mikononi badala ya maji, akazikwe.

"Ruhusa naijua, sheikh," Mwanamina alijibu. "Lakini mama yangu amewaosha wanawake wa Mohoro tangu sijazaliwa. Leo yeye azikwe na vumbi?"

Wakiwa hapo, Nasra akaingia uani, ndoo mkononi, barakoa ya kitenge usoni.

"Nimekuja kumwosha bibi," alisema. "Kazi siijui. Uniambie."

Mwanamina alijikokota mpaka kwenye mlango wa chumba, akakaa kwenye kigoda, akaegemea mwimo. Akawa anaelekeza, kikohozi kikimkatiza: "Anza upande wa kulia. Mnyanyue kichwa. Taratibu, mwanangu. Usimwage maji yote mara moja. Shingo hiyo, ishike."

Nasra alifanya yote huku akilia.

"Nilikuwa namwosha bibi, lakini namwomba radhi mama yangu," anasema Nasra, sasa akiwa ameketi juu ya mkeka aliolalia wakati wa mafunzo. "Yeye sikumgusa."

Mwanamina alipona baada ya wiki kadhaa, ingawa kifua hakijarudi kilivyokuwa. Akienda shambani husimama njiani kuvuta pumzi. Kinachomsumbua zaidi hakitibiki zahanati.

"Sikupimwa, mama hakupimwa. Huenda ugonjwa niliutoa kwa Zuhra, nikampelekea mama kwenye sahani. Huenda sivyo. Nitakufa sijui."

Je, angejua yatakayompata mama yake, angekwenda kumwosha Zuhra?

"Ningekwenda," anajibu. "Hilo ndilo linaloniuma."

Watu walianza kumrudia msimu wa mavuno uliofuata. Mnunuzi wa kwanza wa mkeka alikuwa Habiba. Hawakuzungumzia lililopita. Habiba alilipa, akaukunja mkeka, akauliza habari za mpunga.

Siku hizi Mwanamina na Nasra huosha pamoja, na kila Alhamisi huwafundisha wengine. Kundi la kwanza lilivunjika, waume waliwakataza. Hili la pili anataka lifikie wanawake wawili kwa kila kitongoji. Anaomba pia uongozi wa kijiji umsaidie kupata chumba chenye maji karibu na msikiti na glavu za kutosha, kwa sababu, anasema, ugonjwa mwingine ukija hautapiga hodi.

Wanawake wanapoanza kuaga, anaulizwa yeye mwenyewe anatamani nini. Anafikiri kidogo.

"Mimi sina binti," anasema. "Natamani siku yangu ikifika, hawa wagombanie kuingia."